Pikipiki inazima tanki likiwa limejaa? Pima vali ya pumzi kabla hujatoboa mfuniko

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa mwenye pikipiki, bajaji au ile ya magurudumu manne ambayo inawaka vizuri, inatembea dakika chache, kisha inaishiwa nguvu, inakohoa na kuzima kama imekauka mafuta. Unashuka, unatingisha tanki, mafuta yamo. Unakaa kidogo, unapiga stata, inawaka. Mbele kidogo inazima tena.

Mimi haya nimeyaishi wiki 6 na pikipiki ya cc 125 ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini). Ndani ya muda huo nilibadilishiwa plagi, nikabadilishiwa koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), kabureta ikafunguliwa mara 3. Vyote hivyo vilikuwa vizima. Ubovu ulikuwa kwenye kijiplastiki kisichozidi pingili ya kidole, kimekaa katikati ya mpira wa hewa unaotoka kwenye tanki. Ndiyo vali ya pumzi. Tanki lilikuwa limepigwa rangi, na wakati wa kurudisha, vali ikafungwa kinyume.

Dalili iliyonifungua macho ni hii, na naomba muishike: tanki likiwa limejaa ilizima baada ya dakika 3 hivi. Likiwa nusu, ilifika dakika 8. Mafundi wote walikuwa wananiambia kuna uchafu chini ya tanki. Lakini uchafu wa chini husumbua zaidi mafuta yakipungua. Hii yangu ilikuwa inafanya kinyume.

Sababu yake ni hivi. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta, nafasi yake ndani ya tanki lazima ijazwe na hewa kutoka nje. Hewa isipoingia, ile kidogo iliyomo inatanuka na msukumo wake unapungua, tanki linaanza kuyavuta mafuta lisiyaachie. Kwenye pikipiki isiyo na pampu, kinachoshusha mafuta ni uzito wake tu. Usawa wa mafuta ukiwa sentimita 30 juu ya kabureta, uzito huo ni sawa na maji ya sentimita 22, yaani takriban kPa 2.2 (kPa, au kilopaskali, ni kipimo cha msukumo). Msukumo wa hewa inayotuzunguka ni karibu kPa 100. Kwa hiyo hewa ya ndani ya tanki ikipungua nguvu kwa sehemu 2 tu katika 100, mafuta yanasimama.

Sasa fikiria tanki lililojaa, lenye hewa ya lita 1 tu juu. Yakitoka mafuta ya vijiko vichache tu, ile hewa imeshatanuka kiasi hicho. Tanki la nusu lina hewa ya lita kadhaa, kwa hiyo lazima yatoke mafuta mengi zaidi ndipo likwame. Mvuke wa petroli unabadilisha hesabu kidogo, lakini mwelekeo ni uleule. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa na kutumia lita 1 kwa kilomita 40 inakula mililita 25 kwa dakika. Ongezeni na kile kidogo kilichomo kwenye bakuli la kabureta (kikombe cha chini yake kinachoweka mafuta kidogo), mtaona zile dakika 3 zimetoka wapi.

Na hapohapo kuna jambo jingine: hewa inayohitajika ni mililita 25 hizohizo kwa dakika. Ni kidogo sana. Tundu la unene wa pini linatosha. Ndiyo maana ukilegeza mfuniko robo tu pikipiki inapona, na ndiyo maana watu wanakimbilia msumari. Hilo la msumari nitalisemea huko mbele.

Jinsi nilivyopima.

Kwanza barabarani. Nilijaza tanki, ila si mpaka mdomoni, nikatembea hadi ikazima. Hapohapo, kabla sijashuka vizuri, nikafungua mfuniko. Ikatoka sauti ya "fyuuu", hewa inaingia. Nikapiga stata, ikawaka baada ya sekunde chache. Msisubiri dakika 10 ndipo mfungue. Ukisubiri, hewa inapenya polepole kwenye mpira wa mfuniko na tanki linajiponya lenyewe, na koili inayokufa kwa joto nayo inakuwa imepoa. Matatizo mawili tofauti yanakupa jibu moja.

Pili, nikafuata mpira wa pumzi kwa vidole kutoka juu hadi mwisho. Hapa kuna mengi ya kukutana nayo: mpira umebanwa kati ya tanki na fremu, umekunjwa, umeyeyuka karibu na silinda, au ncha yake imezibwa na tope. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana matundu ya aina hii, hasa chombo kikikaa bila kutumika. Wangu ulikuwa safi.

Tatu, nikaitoa vali yenyewe. Ilikuwa na mshale mdogo uliochongwa kwenye plastiki, unaonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Vali ya njia moja kwenye mpira wa hewa hupitisha hewa kuelekea tanki. Mshale wangu ulikuwa unaangalia nje.

Kabla sijairudisha nilitaka kujua kama bado nzima, kwa sababu vali inaweza kuelekezwa sawa na bado ikawa imeganda. Vifaa: bomba la sindano la mililita 60 bila sindano yake, mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa karibu mita 1, kiungo cha njia tatu, na maji yenye tone la wino ili yaonekane. Mpira niliukunja kama herufi U, nikaufunga kwenye ubao na rula pembeni, nikatia maji hadi nusu. Ncha moja ya U nikaiacha wazi. Ya pili nikaiunga kwenye kiungo cha njia tatu. Njia nyingine ya kiungo ikaenda kwenye bomba la sindano, na ya mwisho kwenye ncha ya vali inayoelekea tanki.

Ukivuta bomba polepole, maji yanapanda upande wa kiungo na kushuka upande ulio wazi. Tofauti ya kimo kati ya pande mbili ndiyo kipimo chako. Sentimita 10 za maji ni kama kPa 1. Vali ikifunguka, utaona maji yameacha kupanda hata ukiendelea kuvuta. Yangu ilifunguka kwenye sentimita 3. Kwa tanki lisilo na pampu, vali isiyofunguka hadi sentimita 15 au 20 haifai, kwa sababu huko ndiko mafuta yanakosimama. Tena tanki likikaribia kwisha, kimo cha mafuta kinapungua, kwa hiyo vali inatakiwa ifunguke mapema zaidi ya hapo. Kama kitabu cha chombo chako kina namba yake, fuata hiyo.

Halafu geuza: sukuma bomba badala ya kuvuta. Vali ya njia moja itakataa, maji yatasimama na tofauti yake bila kushuka. Yakishuka polepole, vali inavuja. Angalizo: ziko vali za njia mbili, ambazo huingiza hewa kwa mvuto mdogo na kuachia mvuke msukumo ukizidi kiwango. Hizo zikifunguka pande zote mbili si ubovu. Jua kwanza uliyonayo ni ipi.

Tahadhari, na hili nalisema kwa uzito wote. Usipulize wala kunyonya kwa mdomo mpira uliokuwa na petroli. Usipulize kompresa kwenye tanki lililofungwa, linaweza kupasuka au kuvimba, na vali yenye ngozi laini ndani inachanika hapohapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mashimoni, na unatosha kushika moto hata ukiwa sehemu 1.4 tu katika 100 za hewa. Fanyeni kazi hii nje, injini imepoa, mbali na jiko, sigara na cheche yoyote.

#2 Fundi wa kabureta

Mkuu umeandika vizuri. Ile ya tanki lililojaa kuzima mapema ni dalili ambayo mafundi wengi hatumuulizi mteja, na tungemuuliza tungeokoa kabureta nyingi zisifunguliwe bure.

Naongeza kipimo kimoja cha barabarani. Ikizima, usifungue mfuniko kwanza. Weka chupa chini ya kabureta, legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Yatatoka kidogo yaliyomo, kisha angalia: yakiendelea kutiririka, mafuta yanafika, shida yako si tanki. Yakikata na kuwa matone, sasa mwambie mwenzio afungue mfuniko huku wewe unaangalia. Mtiririko ukirudi ghafla, umeshapata jibu kwa macho yako. Usirudi kwenye plagi. Usirudi kwenye koili. Egzosi inakuwa ya moto wakati huo, kwa hiyo elekeza kwa kimpira, usiache yamwagike ovyo.

Yakibaki matone hata mfuniko ukiwa wazi, basi ni koki (bomba la kufungia mafuta chini ya tanki), chujio lake, au sindano ya floti (inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa). Na kwa wenye koki inayofunguliwa na mvuto wa injini, angalieni kimpira chake chembamba. Kikichanika, koki haifunguki na dalili zinafanana sana na hizi.

Msisahau pia kwamba bakuli la kabureta lina pumzi yake, tofauti na ya tanki. Kile kimpira kinachoning'inia pembeni ya kabureta ndicho. Kikizibwa, mafuta hayaingii vizuri kwenye bakuli, na hapo hata ukitupa mfuniko wa tanki kabisa haisaidii.

#3 Dereva wa usiku

Mimi nilitoboa mfuniko kwa msumari wa moto, huu mwaka wa pili, sijawahi kuzimikiwa tena. Kwa nini mtu ahangaike na mabomba ya sindano na maji ya wino? Sipingi, naomba kuelewa.

#4 Mleta uzi

Mkuu, swali ni la haki na nashukuru umeuliza.

Tundu lako linaingiza hewa, hilo halina ubishi. Lakini vali haikuwekwa pale kwa ajili ya kuingiza hewa peke yake, maana kwa kazi hiyo hata kiwanda kingetoboa tu. Iliwekwa ili hewa iingie na mafuta yasitoke. Pikipiki yako ikianguka ubavu, petroli itatoka kwenye lile tundu na kumwagika juu ya injini na egzosi, na wewe huenda mguu umebanwa chini. Hiyo ndiyo siku ambayo msumari unadai deni lake, hata kama ni baada ya miaka 2 ya amani.

Halafu kuna maji. Mvua ikinyesha, maji yanatuama kwenye kidimbwi kinachozunguka mfuniko. Injini ikiwa inafanya kazi tanki linavuta, na likivuta litavuta kilicho karibu, yaani maji hayohayo. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yanazama chini kabisa, mahali koki inapochotea. Kutu inaanzia hapo.

Nikushauri kitu: fungua skrubu ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie dakika 5. Ukiona matone yanayoteleza chini peke yake bila kuchanganyika, hayo ni maji. Na mifuniko mingi inafunguka ndani kwa skrubu 3 au 4. Kuna kigololi au kipande chembamba cha mpira ambacho huenda kiliganda tu kwa gundi ya mafuta ya zamani. Kioshe na petroli safi, kikaushe, kipime. Huenda hukuhitaji msumari tangu mwanzo.

#5 Dereva wa usiku

Nimekinga. Matone yapo, tena si machache. Kesho nafungua mfuniko.

#6 Mwenye magurudumu manne

Habari zenu. Mimi ni dada mwenye pikipiki ya magurudumu manne, ya kabureta, naitumia shambani. Yangu haizimi kihivyo. Shida ni kwamba nikiiacha juani mchana, nikirudi nakuta harufu kali ya petroli, na nikifungua mfuniko mvuke unatoka kwa nguvu, unarusha hadi matone. Juzi nimepima oili, naona imepanda kuliko nilivyoiweka. Je, inahusiana na uzi huu au nifungue wa kwangu?

#7 Fundi wa kabureta

Dada, inahusiana moja kwa moja, na tafadhali usiiwashe mpaka umalize kusoma hapa.

Tanki lako linashindwa kupumua nje. Petroli hutanuka takriban sehemu 1 katika 100 kwa kila nyuzi 10 za joto, na mvuke wake juani unaongezeka sana kuliko hapo. Mvuke usipopata njia ya kutoka, unayasukuma mafuta kupita njia pekee iliyobaki: koki, kisha sindano ya floti. Sindano ya floti haikuundwa kuzuia msukumo wa namna hiyo, inashindwa. Mafuta yanafurika kabureta, yanaingia kwenye silinda, yanapita ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana oili yako "imeongezeka".

Nusa kijiti cha oili. Kama kinanuka petroli na oili imekuwa nyepesi kama maji, imwage yote. Oili ya namna hiyo hailindi chochote, metali zitasagana. Toa plagi, kisha zungusha injini kwa mkono taratibu ili kama kuna petroli juu ya pistoni itoke. Ukipiga stata huku silinda ina mafuta, kimiminika hakibanwi, unaweza kukunja koneki (mkono unaoshika pistoni). Waya wa plagi uweke mbali na tundu ulikotoa plagi, cheche hapo ni moto. Weka oili mpya. Na kuanzia leo funga koki kila unapoegesha, hata kama vali itapona.

Sasa vali. Nyingi za aina yako zina mpira unaotoka kwenye mfuniko na kuingia karibu na shingo ya usukani, na baadhi zina vali ya kupinduka njiani. Ndani yake kuna kigololi au kizito kidogo. Ikisimama wima hewa inapita pande zote mbili. Ikilala au kupinduka, kigololi kinaziba. Angalia hiyo.

#8 Mleta uzi

Naongezea kwa dada namna ya kuipima hiyo. Itoe, itikise karibu na sikio, kigololi kikiwa huru utakisikia kinagonga. Kisha iunge kwenye ule mpira wa U. Ishike wima kama ilivyokaa kwenye chombo: ukivuta au kusukuma bomba, maji yasipande kitu. Ilaze taratibu huku unasukuma, utafika pembe ambayo maji yanaanza kupanda. Igeuze juu chini: maji yapande na yabaki. Yakishuka, haizibi vizuri, na chombo kikipinduka itamwaga. Hiyo badilisha, usiirekebishe.

#9 Mwenye injeksheni

Mimi ni pikipiki ya injeksheni (haina kabureta, mafuta yanapulizwa kwa pampu), tanki la plastiki. Limebonyea ubavuni kama chupa iliyonyonywa hewa. Pampu nayo imeanza kulia. Kuna kopo jeusi chini ya kiti lenye mipira miwili, sijui kazi yake.

#10 Mleta uzi

Hilo ni kopo la mkaa, mkuu. Mvuke wa tanki unaingia humo na kushikwa na mkaa badala ya kwenda hewani, kisha injini ikifanya kazi inaunyonya na kuuchoma. Makopo haya yamekuwa ya kawaida kwenye pikipiki tangu kanuni za Ulaya za Euro 4, zilizoanza kwa aina mpya za pikipiki mwaka 2016, zilipoweka kikomo cha mvuke unaotoka kwenye chombo.

Kwako mafuta hayashuki kwa uzito, yanasukumwa na pampu kwa karibu kPa 300. Kwa hiyo injini haizimi mapema kama yangu. Pampu inaendelea kunyonya hadi tanki lenyewe linakubali kuingia ndani, na mapovu ya mvuke yanayojitokeza kwenye mafuta kwa mvuto huo ndiyo yanaifanya ilie. Ukiendelea hivyo utaiua pampu.

Fungua mpira wa tanki pale unapoingia kwenye kopo, usifungue mfuniko. Tanki likivuta pumzi na kurudi umbo lake, kizuizi kiko kwenye kopo au kwenye njia yake ya hewa safi. Lisipovuta kitu, kizuizi kiko kati ya hapo na tanki. Na swali moja: unajaza mpaka mafuta yaguse mdomo? Mafuta yakiingia kwenye kopo yanaloanisha mkaa, nao haukauki kirahisi.

#11 Mwenye injeksheni

Najaza mpaka mdomoni, ndiyo. Nimefungua mpira wa kopo sasa hivi, tanki limelia "pu" na ubavu umerudi. Kopo ni zito, na nikilitikisa nasikia kimiminika ndani.

#12 Mleta uzi

Basi hilo kopo limekwisha. Usilipige kompresa, usilianike juani karibu na nyumba. Weka jipya, na ujazaji uishie chini ya shingo ya tanki.

#13 Mwenye magurudumu manne

Narudisha majibu. Oili ilikuwa inanuka petroli, nimemwaga yote na kuweka mpya. Plagi ilikuwa imelowa, nimezungusha injini kwa mkono, vimetoka kama vijiko viwili.

Vali nimeipata nyuma ya usukani. Yenyewe ni nzima. Kishikizo chake kilikuwa kimekatika, nayo ikawa imelala chali juu ya nyaya. Nimeipima kwa mpira wa U: nikiilaza vilevile nilivyoikuta, maji yanapanda sentimita 20 na hayashuki. Nikiisimamisha, kigololi kinagonga chini na maji yanarudi sawa pande zote mbili papo hapo. Nimerudia mara nne nikimwonyesha mwanangu.

Nimeifunga wima kwa kishikizo kipya. Leo imeshinda juani kuanzia saa 4 hadi saa 9, koki imefungwa. Nimefungua mfuniko, kimya.